Ngazi ya Uuguzi: Je, Aliyepata C Amefungiwa Mlango?

  Mimi ni muuguzi wenu wa jamii hapa Riruta Satellite.

Juzi, kwenye kliniki ya watoto, mama mmoja aliniuliza huku nikimpima mtoto uzito: "Sista, msichana wangu alipata C kidato cha nne. Ameuza duka la simu miaka mitatu. Sasa anataka kuwa nasi. Si amechelewa?"

Nilimwambia hajachelewa. Leo nataka kueleza sababu, na sababu yenyewe iko katika historia.

Wakati wa ukoloni, mwaka wa 1949, serikali ilitunga sheria ya kusajili wauguzi na wakunga. Baadaye mafunzo ya wauguzi wa ngazi ya juu yakafanyika katika Hospitali ya King George VI, ambayo leo ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Tangu zamani hizo kulikuwa na makundi mawili. Waliosoma zaidi walisajiliwa katika ngazi ya juu. Waliosoma kidogo walipewa mafunzo mafupi na cheti, kisha wengi wao wakapelekwa kwenye zahanati za mashambani na za mitaa kama yetu.

Hao wa cheti ndio waliobeba mzigo. Kwa miaka mingi walikuwa ndio wengi kati ya wauguzi wa Kenya. Huenda wewe unayenisikiliza ulizalishwa na mmoja wao. Lakini ugonjwa wa Ukimwi ulipoenea, walijikuta wakifanya kazi ambayo hawakuwa wamefundishwa, na kurudi darasani ilikuwa vigumu. Nafasi vyuoni zilikuwa chache. Na muuguzi akiacha zahanati aende kusoma, nani atabaki na wagonjwa?

Mwaka wa 2005, Baraza la Wauguzi la Kenya, shirika la AMREF na kampuni ya Accenture walianzisha masomo kwa kompyuta. Lengo lilikuwa kuwapandisha wauguzi 22,000 kutoka cheti hadi diploma wakiwa bado kazini. Wengine walikuwa akina mama wa umri mkubwa ambao hawakuwahi kushika kompyuta. Walijifunza, wakafanya mtihani, wakapanda ngazi.

Hata juu kabisa, ngazi ilijengwa polepole. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza na diploma ya juu ya uuguzi mwaka wa 1968. Digrii yenyewe ikaja mwaka wa 1992, na uzamili baadaye. Katikati ya safari hiyo, Mkenya Eunice Muringo Kiereini aliongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi, kuanzia 1981 hadi 1985.

Mimi pia nilipata C. Nilishona nguo Kawangware miaka minne kabla ya kurudi shule. Na sitawaficha: mara ya kwanza nilitapeliwa. Mama alichukua pesa za chama, tukalipa karo ya mwaka mzima katika chuo kimoja cha ghorofani mjini. Kumbe hakikuwa kimeidhinishwa na Baraza. Cheti chake hakingeniruhusu hata kufanya mtihani wa leseni. Mama alilipa deni hilo kwa kufua nguo za watu. Nilirudi kwenye cherehani, nikaanza upya. Ndiyo maana nasema nanyi leo.

Basi, ngazi ikoje sasa? Kwa kawaida, diploma ya uuguzi wa afya ya jamii huanzia C ya kawaida, na masomo kama Biolojia na Kiingereza au Kiswahili huangaliwa. Digrii ya moja kwa moja huanzia C+. Lakini mwenye diploma na leseni anaweza kuendelea hadi digrii kwa kutumia diploma hiyo. Na kwa uzamili, viko vyuo vinavyomkubali aliyepata digrii ya daraja la pili la chini, mradi awe amefanya kazi miaka kadhaa. Hapo usiku wa wodini huhesabiwa pamoja na alama.

Njia hii ni ndefu, na karo ni nzito. Aliyepata A atatangulia. Lakini anayeanza chini anaweza kufika, maana ngazi hii ilijengwa na watu walioanza chini.

Mambo ya kukumbuka:

1. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, uliza Baraza la Wauguzi kama chuo kimeidhinishwa. Usitosheke na bango wala barua yenye mhuri.

2. Angalia alama za kila somo, si gredi ya wastani pekee. Uliza masharti ya mwaka huu, kwa kuwa hubadilika.

3. Kama mwanafunzi ni mama, pangeni mapema nani atabaki na mtoto. Bibi au shangazi anayemlea mtoto huyo naye anamsomesha muuguzi.

Yule mama wa kliniki aliondoka akiwa ameandika jina la Baraza nyuma ya kadi ya mtoto. Nawe pia, kama una msichana au mvulana nyumbani anayesema amechelewa, mwambie asikilize kipindi hiki.