Gari moja, wateja wawili: historia ya daftari linalochelewa

Mwenye magari matatu ya kukodisha pale Mtoni, kando ya barabara ya kwenda Bububu, siku hizi hahitaji papasi wa kumletea wageni kutoka bandarini. Anayaweka magari yake kwenye tovuti tatu au nne za uwakala, na mgeni aliyeko Milan au Warsaw anachagua mwenyewe, analipa, basi. Uzuri huo una sumu yake. Ikifika Julai, wageni wawili wanaweza kushuka uwanja wa ndege siku moja, kila mmoja ameshika uthibitisho wa Escudo ileile, na wote wawili wana haki.

Inakuwaje kompyuta, ambazo hesabu ngumu zinazimaliza kufumba na kufumbua, zishindwe kujua kwamba gari hili lina mtu? Jibu lake limo kwenye historia, na historia hiyo inaanzia angani.

Kadi kwenye meza ya kuzunguka

Rudi nyuma hadi miaka ya 1940, kwenye ofisi ya shirika la ndege la American Airlines. Kila safari ilikuwa na kadi yake. Makarani walikaa kuizunguka meza yenye makasha ya kadi, simu ikilia wanaizungusha, wanachomoa kadi, wanaweka alama, wanairudisha. Kukamilisha nafasi ya abiria mmoja kulichukua wastani wa saa moja na nusu. Mwaka 1946 shirika lilifunga Boston mashine iliyoitwa Reservisor. Ilihesabu viti vilivyobaki, lakini haikujua nani kakaa wapi.

Mwaka 1953, ndani ya ndege ya kutoka Los Angeles kwenda New York, walikaa pamoja watu wawili waliokuwa hawajuani: C. R. Smith, rais wa American Airlines, na R. Blair Smith, muuzaji wa kampuni ya IBM. Kumbe wakati huo IBM ilikuwa ikishughulika na SAGE, mtandao wa kompyuta za kulinda anga ya Marekani. Kukusanya habari za rada nyingi mahali pamoja na kukusanya habari za viti vingi mahali pamoja ni kazi za ukoo mmoja. Mazungumzo yale yakazaa SABRE, na kufikia 1964 nafasi zote za shirika zilikuwa zikishughulikiwa na kompyuta mbili za IBM 7090 zilizowekwa Briarcliff Manor, jimbo la New York.

Daftari moja, kalamu moja

Sasa angalia kilichoiwezesha SABRE. Wengi watasema ni kasi. Kasi ilisaidia, lakini siri kubwa ilikuwa kwamba daftari lilikuwa moja tu. Karani wa Chicago na wa Dallas waliandika kwenye ukurasa uleule. Mmoja akishagusa kiti cha mwisho, mwenzake anakuta kimeshaondoka.

Miaka ya 1970 mtafiti Jim Gray, akiwa IBM, aliliweka wazo hili kwenye kanuni: kazi ya kuandika ama ikamilike yote ama isifanyike kabisa, na anayeandika alifunge sanduku mpaka amalize. Kazi yake kuhusu mambo haya ilimpatia Tuzo ya Turing mwaka 1998. Kwenye magari nako, Avis ilianza kutumia mfumo wake, Wizard, mwaka 1972.

Daftari likanakiliwa

Ikaja intaneti, na biashara ikageuka. Tovuti ya uwakala haina gari hata moja, ina nakala ya kalenda yako tu. Ukiwa kwenye tovuti nne, una nakala nne, na lile la kwako kwenye simu ni la tano. Mara nyingi zinapashana habari kwa faili la kalenda ambalo kila upande hulichungulia baada ya muda fulani. Baina ya kuchungulia na kuchungulia, nakala zinadanganya.

Tufanye hesabu. Tuseme msimu umechanganya, na gari lako la mwisho huulizwa kwa wastani mara moja kila saa 12. Kalenda zikichelewa saa 2, uwezekano wa mtu wa pili kulichukua ndani ya muda huo ni takriban asilimia 15. Ukipunguza ucheleweshaji hadi dakika 5, unashuka chini ya asilimia 1. Haufiki sifuri.

Kebo ikikatika

Mwaka 2000 Eric Brewer alitoa hoja, na 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakaithibitisha kihesabu: mawasiliano baina ya nakala yakikatika, huwezi kuwa na yote mawili, kuendelea kuhudumia kila mtu na kuwa na hakika kwamba nakala zote zinasema kitu kimoja. Ama uendelee kuuza ukijua unaweza kuuza mara mbili, ama ufunge duka.

Kwetu hili si nadharia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ya Tanzania ikadorora vibaya. Ukiwa gizani namna hiyo, tovuti iliyoko ng'ambo inaendelea kuliuza gari lako, na wewe huna habari.

Gari la akiba

Kiti cha ndege kina nafuu moja: ndege ikishatua, habari yake imekwisha. Gari hurudi, na hurudi likichelewa, lina pancha, limejaa mchanga wa Nungwi. Ndiyo maana kalenda ya gari inahitaji pumzi baina ya mteja na mteja, angalau nusu siku.

Swali la kubakiza nafasi lilishapata kanuni yake. Mwaka 1972 Kenneth Littlewood wa shirika la BOAC la Uingereza alionyesha jinsi ya kuamua. Mteja wa moja kwa moja anakulipa dola 40, tovuti ikishakata kamisheni inakuachia 30. Gawa 30 kwa 40, unapata asilimia 75. Ukiamini uwezekano wa kumpata yule wa 40 unazidi hapo, lizuie gari. Ukiona ni chini ya hapo, liachie. Kila hatari ya kuuza mara mbili inakishusha kizingiti hicho, kwa sababu ukikosea utaazima gari la jirani kwa bei ya msimu, na nyota zako kwenye tovuti hazirudi upesi.

Kwa hiyo ukiwa na magari matatu, mawili yaweke kote, la tatu libaki kwenye tovuti moja tu. Chagua daftari moja liwe mama, na kila anayepokea simu nyumbani aandike humo kwanza kabla hajamwambia mteja ndiyo. Mshika mbili moja humponyoka. Tovuti haijui kama gari lipo. Anayejua ni aliyeshika ufunguo.