Bei ya hiari katika muziki

Bei ya hiari ni utaratibu wa kuuza nyimbo au albamu ambapo mnunuzi ndiye anayetaja bei, wakati mwingine kuanzia sifuri. Mfano uliozungumzwa kuliko yote ni albamu *In Rainbows* ya bendi ya Uingereza Radiohead (2007).

Watangulizi

Magnatune, lebo ya mtandaoni iliyoanzishwa California mwaka 2003, ilimruhusu mnunuzi kuchagua bei kati ya dola 5 na 18, na nusu ya fedha ilimwendea msanii. Mwanamuziki Jane Siberry wa Kanada alifuata utaratibu huo mwaka 2005.

In Rainbows

Mkataba wa Radiohead na kampuni ya EMI ulikuwa umekwisha, hivyo bendi haikuhitaji ruhusa ya mtu. Tarehe 1 Oktoba 2007 ilitangaza albamu, na siku 9 baadaye nyimbo zilikuwa tayari kupakuliwa kwenye tovuti yake. Kisanduku cha bei kilikuwa kitupu. Mteja alijaza kiasi alichotaka, na aliyelipa aliongezewa peni 45 za ada ya kadi. Kwa wapenzi sugu kulikuwa na toleo la pauni 40 lenye santuri, CD na kitabu cha picha. Upakuaji ulifungwa Desemba, kisha CD ikaingia madukani na kushika namba moja Uingereza na Marekani. Mwaka 2008 wachapishaji wa muziki wa bendi walitaja mauzo ya nakala milioni 3 kwa matoleo yote.

Uaminifu wa wanunuzi

Kampuni ya utafiti comScore ilikadiria kwamba asilimia 62 ya waliopakua hawakulipa chochote. Radiohead iliyakataa makadirio hayo, lakini ndiyo yaliyoenea magazetini, na wasikilizaji wakapachikwa jina la wezi. Lawama hiyo haikuwa ya haki. Aliyejaza sifuri alitumia ruhusa aliyopewa waziwazi na mwenye mali, hakumdanganya mtu. Linalosikitisha zaidi ni kwamba watu wengi mno waliichukua albamu hiyohiyo kwenye mitandao ya haramia, ilhali kwa mwenyewe ilipatikana bure.

Mwanamuziki Saul Williams, aliyetoa albamu yake Novemba 2007 kwa msaada wa mwanamuziki mwenzake Trent Reznor, aliwapa wasikilizaji njia mbili: bure au dola 5. Hadi mwanzoni mwa Januari 2008 walikuwa wamepakua watu 154,449, na waliolipa walikuwa 28,322. Reznor, aliyezitangaza takwimu hizo mwenyewe, hakuficha kuvunjika moyo. Kwa upande wa Magnatune, ambako bei ya chini ilikuwapo na mgawo wa msanii ulijulikana, uchunguzi wa wachumi ulionyesha kuwa wateja walilipa wastani wa zaidi ya dola 8, wakati wangeweza kuishia kwenye 5. Mteja anayejua fedha yake inamfikia nani hulipa kwa moyo mkunjufu.

Haki kwa wasanii wadogo

Kim Gordon wa bendi ya Sonic Youth alilalamika kwamba Radiohead haikuwafikiria wanamuziki wenzao wenye mauzo madogo. Hoja ni nzito: bendi ilikuwa tayari na jina kubwa, lililojengwa kwa fedha za EMI.

Hali ya sasa

Bandcamp, iliyoanzishwa mwaka 2008, humwezesha msanii kuweka bei ya chini na kumwachia mnunuzi aongeze apendavyo. Katika huduma za kusikiliza kwa ada ya mwezi, mteja hana pa kutajia bei.