Vijana na Uzazi wa Majira Nchini Uganda

Itakumbukwa kwamba Chama cha Uzazi wa Majira cha Uganda kilianzishwa Kampala mwaka 1957, miaka mitano kabla ya bendera ya Mwingereza kuteremshwa. Mjini Dar es Salaam chama cha namna hiyo kilianza mwaka 1959, na mwaka 1967 Serikali ya Kenya ikaufanya mpango huo kuwa shughuli ya taifa. Aliyelengwa siku zile alikuwa mama mwenye mume na watoto kadhaa, anayetaka mwili wake upumzike kabla ya kubeba mimba nyingine. Jina lenyewe la Kiswahili laonyesha nia hiyo: watoto waje kwa nafasi, kama mazao yanavyofuata mvua. Kijana asiye na ndoa hakuwamo katika hesabu.

Hilo halikutokana na uzembe. Ilidhaniwa kwamba kijana anao watu wake wa kumfunza. Katika Buganda kazi hiyo ni ya ssenga, shangazi wa upande wa baba, ambaye humtayarisha msichana kwa ndoa na kumweleza mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka. Lakini Kampala ilizidi kupanuka, na msichana wa Kisenyi au Katwe akawa na shangazi aliyeko mwendo wa siku nzima kwa basi. Katika laini za polisi na kambi za jeshi hali ni ngumu zaidi. Baba huhamishwa kutoka Arua kwenda Mbarara, na kutoka Mbarara kwenda Kampala. Mke na watoto humfuata, shangazi hubaki kijijini. Mtoto wa kambini hujifunza mambo ya mwili kwa wenzake wa kambini, na hao wenzake nao hawajui.

Miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 ilikuwa ya vita na upungufu. Hospitali zilikosa dawa, madaktari wengi waliihama nchi, na huduma za vijana hazikuwa na wa kuzisemea. Kilichovunja kimya ni ugonjwa, na habari zake zilipitia jeshini. Mwaka 1986 askari 60 waliopelekwa Cuba kwa mafunzo walipimwa, na 18 kati yao wakakutwa na virusi vya Ukimwi. Fidel Castro alimweleza Rais Museveni jambo hilo mjini Harare mwezi Septemba mwaka huo. Tangu hapo mambo yaliyokuwa ya kunong'onwa yakasemwa redioni, makanisani na misikitini. Mwaka 1993 likatoka gazeti la vijana la Straight Talk, lililojibu maswali yao bila kuzungukazunguka. Mwaka uliofuata kikafunguliwa Naguru kituo cha afya na ushauri kwa ajili ya vijana peke yao, juu ya kilima kile kile chenye laini za polisi.

Matunda yalionekana. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 1995 ulikuta kwamba asilimia 43 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au kubeba mimba ya kwanza. Mwaka 2006 ilikuwa asilimia 25. Mazungumzo ya Ukimwi hayakufanya kazi hiyo peke yake. Elimu ya msingi ya bure iliyoanza mwaka 1997 iliwaweka wasichana wengi darasani, na aliyeko darasani huchelewa kuzaa. Lakini hesabu ilipofika hapo ilisimama. Mwaka 2011 ilikuwa asilimia 24, mwaka 2016 asilimia 25, mwaka 2022 asilimia 24. Miaka 16 imepita, na robo ni ile ile.

Kwa nini ilisimama? Jibu moja ni kwamba maneno yaliwafikia vijana, huduma ikabaki nyuma. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2006 ulisema wazi kwamba anayehitaji njia ya kuzuia mimba apewe bila kujali umri wala ndoa, na bila kudaiwa ruhusa ya mzazi. Hayo ni ya karatasini. Katika zahanati nyingi msichana huketi benchi moja na jirani za mama yake, na muuguzi humwuliza mumewe yuko wapi. Hurudi nyumbani mikono mitupu. Viongozi wa dini, ambao mwaka 2018 waliupinga mpango wa Wizara ya Elimu wa kufundisha mambo haya shuleni, wana hofu inayoeleweka: kwamba kumpa kijana kinga ni kumpa ruhusa. Hata hivyo robo hiyo ya wasichana haikungoja ruhusa ya mtu.

Jibu la pili lawahusu polisi moja kwa moja. Mwaka 1990 sheria ya jinai ilipandisha umri wa msichana anayelindwa dhidi ya kunajisiwa kutoka miaka 14 hadi 18, na adhabu ikawa hata kifo. Nia ilikuwa kuwazuia watu wazima. Lakini vijana wawili wa miaka 17 nao wakaingia katika wavu huo, na muuguzi akaogopa kwamba akitoa vidonge ataonekana kuficha jinai. Mwaka 2007 sheria ilirekebishwa: kosa likagawanywa, zito na la kawaida, la kawaida likaweza kusikilizwa na hakimu mkuu, na kesi za watoto kwa watoto zikapelekwa kwenye Sheria ya Watoto. Kwenda zahanati kuomba huduma hakukuwa kosa kabla ya hapo, wala baada ya hapo.

Mwezi Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya korona, na nyingi hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Wizara iliagiza wasichana wenye mimba na wanaonyonyesha wapokewe madarasani. Baadhi ya walimu wakuu walilalamika. Wasichana wenyewe walikuja, wengine wakiwa na bibi zao langoni, bibi akiwa amembeba mtoto.