AKIBA YA MWANAMKE WA UNGUJA: KUTOKA KIBUBU HADI MFUKO WA PAMOJA



Katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, Kamati imeniomba niandike machache juu ya historia ya akiba hapa kwetu. Nimeona nisiishie kwenye kuhesabu tulichokusanya. Mbele yetu lipo suala ambalo Mkutano Mkuu utalitolea uamuzi: ile sehemu ya fedha tuliyokubaliana tusiigawe, tuiweke wapi? Wako wanaosema inunuliwe dhahabu, wako wanaotaka kiwanja, na wako wanaotaka tujiunge na mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Historia yetu wenyewe ina la kutufunza.

BIBI ZETU WALIWEKA WAPI?

Bibi zetu hawakuwa na benki lakini akiba walikuwa nayo. Reale za Maria Theresa zilitumika hapa Unguja, na rupia nazo zikatumika hadi 1936, pale rupia moja ilipobadilishwa kwa shilingi moja na senti hamsini. Vipuli, bangili na mikufu ndiyo iliyokuwa benki ya mwanamke. Shida ikiingia, kimoja kinakwenda kwa sonara au kinawekwa rahani, na mambo yanakwenda. Uzuri wa dhahabu ni kuwa haiozi na haihitaji saini ya mume. Ubaya wake, ukiiweka sandukuni miaka kumi haikuletei hata senti ya matumizi, na mwizi akiijua ndio basi tena.

Wengine walijenga. Ng'ambo walikuwapo wanawake wengi wenye nyumba zao wenyewe, na chumba cha kupangisha kiliwapa kula kila mwezi. Lakini nyumba ilikuwa ya mtu na kiwanja cha mtu mwengine, na kodi ya kiwanja ilizidi kupanda hata mwaka 1928 watu wakagoma kuilipa. Na nyumba ina jambo jengine: ukiwa na shida ya fedha ya dawa leo, huwezi kuuza dirisha moja.

Walio na mashamba walitegemea karafuu. Hapo ndipo tulipopata somo kubwa. Mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Aliyekuwa na shamba Unguja tu alibaki na visiki, na aliyekuwa na mashamba kote kuwili alibaki na cha kuanzia. Baadae, katika miaka ya 1980, hakikuja kimbunga lakini bei iliporomoka, kwani Indonesia, mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za kretek, ilianza kujitosheleza kwa karafuu za kwake. Safari hii hata Pemba haikusalimika. Kumbe kuwa na mashamba mawili ya zao moja hakutoshi.

Kina mama wa Paje na Jambiani walipoanza kilimo cha mwani mwaka 1989 walipata fedha mkononi mwao wenyewe, jambo la kujivunia. Hata hivyo mwani nao una bei yake inayopangwa mbali, na bahari ilipozidi joto ile aina ya cottonii yenye bei nzuri ikawa inakufa.

JE, AKIBA HAIOZI?

Wahenga wamesema akiba haiozi. Mimi nasema inategemea. Mwaka 1985 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 17. Kufika 1995 ilikuwa imepita shilingi 500. Aliyefukia shilingi elfu moja kwenye kibubu angeweza mwanzo kupata dola zaidi ya hamsini. Alipokivunja miaka kumi baadae hazikufika hata dola mbili. Noti zilikuwa zile zile, hazikuliwa na mchwa, lakini thamani ililiwa.

Basi tunaona kila pahala pa kuweka pana adui wake. Noti adui yake ni kupanda kwa bei za vitu, karafuu adui yake ni soko, na nyumba adui yake ni haraka.

UMOJA NI NGUVU, TANGU AMSTERDAM

Mawazo haya haya waliyapata Waholanzi zamani. Baada ya msukosuko wa fedha wa 1772 na 1773, mfanyabiashara mmoja wa Amsterdam, Adriaan van Ketwich, alianzisha mwaka 1774 mfuko ambao watu wa kipato kidogo walinunua vipande, na fedha yao ikasambazwa katika mikopo ya serikali za nje, mabenki, na mashamba makubwa ya Amerika (yaliyolimwa na watumwa, tusifiche, kama yalivyolimwa mengi ya hapa kwetu). Mfuko ule aliuita Eendragt Maakt Magt, yaani Umoja Huleta Nguvu. Mwaka 1779 ukafuata mwengine, ambao msimamizi alipewa uhuru zaidi: akiona karatasi nzuri imeshuka bei chini ya thamani yake, anunue. Hapo ndipo ilipo asili ya mfuko wa kipato usiofungwa mahali pamoja.

Hapa Tanzania Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza hisa Aprili 1998, na mwaka 2005 UTT ikaanzisha mfuko wa kwanza wa namna hii. Nao ukaitwa Umoja! Ukafuatiwa na mengine, ukiwemo Jikimu wa 2008, uliokusudiwa kumpa mwanachama gawio la kila mara, na wa Hatifungani wa 2019.

UNAVYOFANYA KAZI

Mfuko wa kipato wenye uhuru huweka fedha katika makundi manne hivi. Kwanza ni amana za benki na dhamana fupi za serikali: hizi ni kama kibubu, zinapatikana upesi, faida yake ya wastani. Pili ni hatifungani za serikali za miaka mingi, na tatu za makampuni. Hizi ni kama nyumba iliyopangishwa kwa mkataba, kodi inajulikana. Nne ni hisa: hizi ndizo mikarafuu, mwaka huu imezaa, mwaka ujao haina kitu.

Kazi ya msimamizi ni kuhamisha. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi. Riba ikipanda sokoni, hatifungani ya zamani hushuka bei. Kwa nini? Ukiwa na mkataba wa chumba kwa kodi ya zamani, na vyumba vya jirani vimepanda, nani atakununulia mkataba wako kwa bei ile ile? Basi msimamizi akiona riba inaelekea kupanda huongeza karatasi fupi. Akiona inaelekea kushuka huongeza ndefu. Akipatia, mnapata. Akikosea, kipande kinashuka thamani, na hakuna wa kuwalipa fidia. Na yeye analipwa ada yake hali zote mbili.

LINALOTUKABILI

Baadhi yetu wanakataa kwa sababu ya riba, na hoja yao ni ya haki kabisa, haifai kuchekwa. Lakini milango haikufungwa: Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa 1966, ilianza huduma za Kiislamu mwaka 2011, na mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ilitoa sukuk, ambayo mapato yake hutokana na mali na miradi.

Wengine watasema mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli kwa mwenye mikono miwili. Sisi kwenye kikundi tuna mikono mingi.

Maoni yangu ni haya. Fedha ya shida za ghafla ibaki sandukuni kwetu, chini ya funguo tatu. Fedha ya mwaka au miwili iwe benki. Ile ambayo hatutoigusa miaka mitano ndiyo iende kwenye mfuko au sukuk, baada ya kuuliza mambo matatu: fedha imegawanywa vipi, ada ni kiasi gani, na tukitaka kutoka tunalipwa baada ya siku ngapi. Asiyejibu matatu hayo kwa Kiswahili kinachofahamika, tusimpe.

Nawatakia Mkutano mwema, na miaka kumi mingine.