Koti Jekundu katika Njia ya Kabambare

Mtume Paulo, akiwaandikia Warumi (2, 24), awalaumu wenye kujisifia sheria ya Mungu na huku wanaivunja: kwa sababu yao, watu wasiomjua Mungu wanamsema vibaya. Historia ya nchi yetu, tangu Kabambare mpaka Nyangwe karibu na Kasongo, yatufundisha neno hilo kwa mfano.

Tarehe 21 ya mwezi wa 9, mwaka 1869, David Livingstone, mmisionari mprotestanti wa Scotland, alifika Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo. Alifika pamoja na msafara wa Muhammad Bogharib, mfanya biashara wa pembe na watumwa. Mwarabu huyo alikuwa amemtendea mema: alipougua sana mwanzo wa mwaka ule, alimpa dawa na kuamuru abebwe. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimfunga Livingstone katika Kabambare kwa miezi mingi. Ameandika mwenyewe kwamba katika Manyema alisoma Biblia nzima mara nne.

Wenyeji hawakuijua Biblia ile. Walimtazama mwenye kuisoma.

Tarehe 15 ya mwezi wa 7, mwaka 1871, alikuwa Nyangwe, siku ya soko. Watu wa Dugumbe wakaanza kupiga bunduki katikati ya wauzaji, wengi wao wanawake. Waliokimbilia mto Lualaba wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria wafu kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola, lakini Dugumbe alimzuia. Basi akakataa kuendelea na watu wale, akashika njia ya kurudi Ujiji.

Tarehe 8 ya mwezi wa 8, katika msitu, watu waliojificha wakamtupia mikuki. Mmoja ulipita karibu kabisa na mgongo wake. Watu wawili wa msafara wakafa. Sababu gani? Zamani walimwona amevaa koti jekundu. Kwa koti hilo wakasadiki kwamba ndiye aliyemtuma Bin Juma kuua watu wao watano na kuteka wanawake na watoto 11. Hakumtuma. Lakini walikuwa wamemwona katika njia ya wale watekaji. Wangemtofautisha kwa alama gani?

Tena watumishi wake mwenyewe, waliotumwa kwake toka Unguja, hawakuwa watu wa amani. Daftari yake ya mwaka 1871, aliyoiandika juu ya karatasi za gazeti kuukuu kwa wino wa mmea, ilisomwa upya na wataalamu na kutangazwa mwaka 2011. Yaonyesha ukali wa watumishi hao wazi kuliko kitabu kilichochapwa mwaka 1874.

Lakini kuna shahidi mwingine. Mwaka 1876 Stanley alipita Kabambare. Mzee Mwana Ngoy akamwambia kwamba Livingstone alikuwa mtu mwema: mara nyingi aliingia kati yake na Waarabu walipomtesa. Mtu ni yule yule. Aliyeishi naye jirani alikumbuka wema. Aliyemwona njiani alikumbuka koti.

Ndugu, tusitumie habari hii kuwanyoshea kidole jirani zetu Waislamu. Tarehe 22 ya mwezi wa 4, mwaka 1893, askari wa Dhanis waliteka Kasongo. Dola ile ilisema imekuja kuondoa utumwa, na wakubwa wake walijiita wakristu. Kisha katika Kongo ikawalazimisha watu kwa fimbo na bunduki kuleta mpira. Aliyepigwa angemwaza namna gani Mungu wa wale wakubwa?

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965 (namba 19), wakiri kwamba waamini wenye mwenendo mbaya wanaweza kuuficha uso wa Mungu, na hivi kuwa na sehemu katika kosa la wasiosadiki.

Basi tujichunguze. Padri anayepanda kila mara gari la mnunuzi wa dhahabu anayewadhulumu wachimbaji amevaa koti jekundu, hata kama rozari iko mkononi. Katekista anayewaacha watumishi wa misioni wawatukane wajane mlangoni, naye amelivaa. Kupokea msaada wa mwenye dhambi si kosa. Livingstone angekufa bila Bogharib. Lakini anayepokea msaada lazima afanye pia kama yule mgonjwa wa Kabambare mbele ya Mwana Ngoy: aingie kati, mnyonge amwone.