Alama za Waliouawa Barabarani, Londiani hadi Chepseon
Desturi ya kuweka baiskeli iliyopakwa rangi nyeupe mahali mwendeshaji alipogongwa ilianzia St. Louis, Marekani, mwaka 2003. Kwenye barabara itokayo Londiani Junction kupitia Chepseon hadi Kericho, nchini Kenya, alama kama hiyo ingekuwa na uzito zaidi, kwa kuwa hapa barabara kuu ni soko pia. Jioni ya 30 Juni 2023, lori lilipoteza mwelekeo Londiani Junction likaua zaidi ya watu 50, wakiwemo wachuuzi na watu wa bodaboda. Wengi walikuwa pembeni, wakitafuta riziki.

Wapo wanaopinga alama za barabarani, wakisema kwamba marehemu huzikwa kwao, na huko ndiko akumbukwe. Ni kweli, ila kaburi la nyumbani huonwa na jamaa. Dereva wa masafa marefu hafiki huko. Wengine hudai alama humpumbaza dereva, ilhali mabango ya biashara (makubwa kuliko alama yoyote ya ukumbusho) hayalalamikiwi. Baada ya ajali ile, serikali iliagiza wachuuzi waondoke kando ya barabara kuu. Lakini kuwaondoa tu hakutoshi. Basi alama isimwonye dereva tu: iwadai wajenzi wa barabara nafasi ya soko, kituo cha matatu na njia ya baiskeli.