Usiuze spika bado: historia fupi ya sauti inayochoma

Leo naacha kidogo mambo ya kuandika programu. Jamaa wa Diani na Ukunda wamekuwa wakiniuliza swali lilelile: nimenunua redio ya maana, mbona nikiweka taarabu kila herufi "s" inanichoma sikio kama sindano? Wengine wameshaanza kutafuta mteja wa spika. Ngojeni kwanza.

Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la Fogg, na mhadhiri akisema humo hasikiki. Neno moja lilidumu hewani zaidi ya sekunde 5, likawa linagongana na yaliyolifuata. Kazi akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine. Usiku, mji ukiwa umelala, alibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, Sanders Theatre, akaipanga humo na kupima sauti ya bomba la kinanda inachukua muda gani kufa. Asubuhi mito lazima iwe imerudishwa! Kinachonifurahisha zaidi ni kipimo alichokichagua: dirisha lililo wazi. Sauti ikitoka dirishani hairudi, kwa hiyo dirisha wazi linafyonza asilimia 100, na vitu vingine vyote vinalinganishwa nalo.

Sasa fikirieni nyumba ya kizamani ya Msambweni. Kuta za fito na udongo, paa la makuti, uwazi kati ya ukuta na paa, mkeka sakafuni, mlango wazi mchana kutwa. Kwa hesabu ya Sabine nyumba hiyo ni madirisha matupu. Redio ya betri ikilia humo inasikika laini, na hakuna aliyekwenda kusomea ufundi wa sauti.

Tunazojenga siku hizi ni mawe ya matumbawe yaliyopigwa plasta, vigae sakafuni, vioo vikubwa, na madirisha yamefungwa ili AC isitoke bure. Tupige hesabu. Chukua sebule ya mita 5 kwa 4, kimo mita 3. Ujazo wake ni 60, na nyuso zake zote pamoja ni mita za mraba 94. Nyuso ngumu namna hiyo hufyonza, tuseme, asilimia 3 ya sauti za juu. Kanuni ya Sabine ni 0.161 mara ujazo, gawanya kwa ufyonzaji. Jibu: sekunde 3.4. Huo ni msikiti, si sebule! Weka zulia zito la mita za mraba 6 na pazia zito la ukubwa huohuo, kila moja likifyonza asilimia 60, na muda unashuka hadi sekunde 1. (Leso iliyotundikwa ukutani inapendeza lakini ni nyembamba mno kwa kazi hii.) Zulia na pazia hufyonza sauti za juu kuliko besi, na ndiyo maana chumba kitupu huwa kikali.

Kuna kitasa cha trebo, bila shaka. Kile tunachokizungusha mpaka leo kwenye amplifaya nyingi kinatokana na saketi ya Mwingereza Peter Baxandall, iliyochapishwa katika jarida la Wireless World mwaka 1952. Ni kazi nzuri, ila kitasa hakijui kosa liko wapi. Kinapunguza mwangwi wa vigae pamoja na pumzi ya mwimbaji.

Na mara nyingine chumba hakina hatia, kosa liko ndani ya kaseti. Philips walitoa kaseti mwaka 1963, na ilikuwa na mvumo wa "shhh" usiokwisha. Mwaka 1968 ikaja Dolby B: wakati wa kurekodi, sauti za juu zilizo hafifu zinapandishwa hadi desibeli 10, na wakati wa kucheza zinashushwa kiasi hichohicho, mvumo ukishuka nazo. Sisi watu wa programu tunaijua habari hii: ukifunga faili kwa njia moja, lazima ulifungue kwa njia hiyohiyo. Kaseti iliyorekodiwa kwa Dolby ikipigwa kwenye redio isiyo na Dolby inabaki imefungwa nusu, na inachoma.

Hili linanikera kwa sababu moja. Kaseti za taarabu za harusi za Kwale zinapelekwa madukani kugeuzwa MP3, kisha mkanda unatupwa. Kifungua Dolby hufanya kazi kwa kutazama nguvu ya sauti kama ilivyo kwenye mkanda. Fundi akishaibadilisha nguvu hiyo, au akipitisha kichujio cha kuondoa mvumo, kuifungua baadaye ni kubahatisha. Harusi ile haitaimbwa tena.

Kwa hiyo mkienda dukani, ulizeni deki yao ina swichi ya Dolby, na kama kaseti imeandikwa Dolby, iwashwe. Ombeni faili la WAV kabla ya MP3, bila kusafishwa. Na kaseti mrudi nayo nyumbani, hata kama fundi anacheka.